Tunamnyima mtoto wa mbwa maji usiku ili asikojoe ndani. Ni sawa?

BARUA

Wataalamu, habari za kazi. Naandika kutoka Kigamboni. Tumepata mtoto wa mbwa, dume, chotara, sasa ana wiki 9. Nilimpima kwenye mizani ya dukani akiwa ndani ya kapu, nikatoa uzito wa kapu, ikabaki kilo 3. Chakula chake ni ugali na dagaa wa Zanzibar, asubuhi na jioni. Mchana watoto wanampa maziwa ya ng'ombe. Maji anawekewa bandani kwenye bakuli la plastiki. Banda lenyewe ni la mabati, limeegemezwa ukuta wa nje. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvichumvi kidogo.

Usiku analala koridoni na anakojoa ovyo. Mume wangu akaamua kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni bakuli liondolewe mpaka asubuhi. Jirani anayefuga mbwa anatuunga mkono, anasema mbwa ni mvumilivu wa kiu. Lakini mimi naona mkojo wake wa asubuhi umekolea rangi, choo kimekauka, na tukimrudishia bakuli anayafakamia maji mpaka anatapika. Mchana analala tu huku anahema. Juzi baada ya maziwa aliharisha mara mbili, jana akatulia.

Nauliza: anahitaji maji kiasi gani kwa siku? Ni sawa kumnyima usiku? Nitajuaje kwamba amepungukiwa maji mwilini, na hapo nimpe nini? Ndani nina pakiti za ORS za watoto. Asanteni.

Mama wawili, Kigamboni

JIBU

Mama, rudisha bakuli leo hii, na usiku lisiondoke. Mkojo uliokolea, choo kikavu, kuhema mchana kutwa na kufakamia maji asubuhi, vyote vinaelekeza mahali pamoja: mtoto huyu hapati maji ya kumtosha. Kwa jinsi ulivyomweleza bado hajafika pabaya. Ila mtoto wa kilo 3 hana akiba, na jirani anayesema mbwa ni mvumilivu wa kiu anamzungumzia mbwa mzima.

Mbwa mzima akikosa maji, figo zake hubana mkojo na kuyarudisha maji mwilini. Figo za mtoto wa wiki 9 ndiyo kwanza zinakomaa, huenda zisibane vizuri kama za mbwa mzima, na maji huendelea kutoka hata yasipoingia. Isitoshe mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na kila pumzi hutoka na maji. Kwenu pwani kuna nyongeza: hewa imeshiba unyevu, mate ya ulimi yanakauka polepole, basi analazimika kuhema muda mrefu zaidi kupata ubaridi uleule.

Sasa tazama hesabu. Upungufu wa maji wa asilimia 5 ya uzito hauonekani kirahisi kwa macho. Ukifika asilimia 10 hadi 12, maisha yako hatarini. Kwa kilo 3, asilimia 5 ni mililita 150 na asilimia 10 ni mililita 300. Kati ya mtoto anayeonekana mzima na mtoto anayehitaji dripu kuna mililita 150 tu, na kuhara kwa nusu siku kunatosha kuzimaliza. Ndiyo maana hatupendi mchezo wa kuficha bakuli.

Kuhusu kiasi: mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa anahitaji takriban mililita 60 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maji ya kunywa pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Kwa wako ni mililita 180 hadi 300. Siku za joto kali kati ya Desemba na Machi, au akiwa amecheza sana, hesabu ile ya juu ndiyo ya kuanzia, naye akitaka zaidi aachwe anywe. Usimpimie kama dawa. Kipimo ni chako wewe, ujue alichokunywa.

Kujua alichokunywa ni kazi rahisi. Chukua chupa ya nusu lita, jaza, mimina yote kwenye bakuli asubuhi. Baada ya saa 24 rudisha yaliyobaki kwenye chupa uone yamepungua kiasi gani. Tatizo ni kwamba maji mengine yameliwa na jua na mengine yamemwagika. Kwa hiyo weka bakuli la pili la aina ileile, lenye maji kiasi kilekile, pembeni juu ya tofali ambako hafiki. Kilichopungua huko ni cha jua, kitoe kwenye hesabu. Ukiona bakuli limepinduliwa, siku hiyo hesabu haina maana, anza upya kesho. Mpime uzito pia kila baada ya siku 3, kwa kapu lilelile na mizani ileile, kabla hajala. Umri huu anapaswa kuongezeka. Akipungua gramu 150 kwa usiku mmoja, hajakonda nyama, amepoteza maji.

Akinywa mara mbili ya kiwango tulichotaja, siku mbili tatu mfululizo, na joto si kali wala chakula si cha chumvi, huo nao ni ugonjwa wa kuchunguzwa. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo, lakini msimpunguzie maji mkisubiri.

Turudi kwa baba. Hoja yake tunaielewa, koridoni kila asubuhi kuna dimbwi. Lakini kibofu cha wiki 9 kinahimili kama saa 3, hata kiwe na maji machache. Kumnyima hakumfundishi kubana. Kunamfundisha kwamba maji hupotea, na bakuli likirudi anayameza yote kwa mkupuo, tumbo linajaa ghafla, anatapika, kisha kinachobaki kinatoka kwa wingi baada ya muda mfupi. Yale matapishi ya asubuhi chanzo chake ni hicho.

Cha kupanga ni saa za chakula na saa za kumtoa nje. Mlo wa mwisho uwe saa kumi na mbili jioni, maana baada ya kula ndipo hunywa sana. Mtoeni nje mara tu baada ya kula, tena saa mbili usiku, tena saa nne mnapokwenda kulala. Hapo mwachieni maji kama mililita 100 kwenye bakuli zito karibu na anapolala. Kati ya saa saba na saa nane usiku mmoja wenu aamke, ambebe mpaka mahali palepale pa kukojolea, asicheze naye, amrudishe. Mbebeni, maana akitembea mwenyewe atakojoa njiani. Alfajiri saa kumi na moja tena. Akifika miezi 3 hadi 4 safari ya usiku wa manane inaachwa. Pale alipokojoa koridoni oshwe kwa sabuni kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa sababu harufu ikibaki anarudi palepale.

Chakula chake nacho kinamnyang'anya maji. Dagaa wengi wa Zanzibar na wa ukanda wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi ile inabaki ndani ya samaki. Ongeza chumvichumvi ya kisima, kisha ondoa bakuli jioni: mwili unalazimika kutumia maji yake wenyewe kuitoa chumvi kwa mkojo. Dagaa waloweke kwenye maji mengi kwa nusu saa, mwaga, wachemshe kwa maji mapya, mwaga tena. Au tafuta dagaa wa Mwanza waliokaushwa juani bila chumvi, waoshwe mchanga vizuri. Ugali wenyewe pika laini, karibu na uji mzito, usitie chumvi. Na ugali usiwe ndio chakula chenyewe. Mtoto anayekua anahitaji dagaa, mayai ya kuchemsha au nyama kwa wingi zaidi ya mnavyodhani, la sivyo tumbo linajaa wanga na mwili haujengeki. Gawanyeni milo iwe minne kwa siku badala ya miwili. Kila mlo laini ni maji yanayoingia bila yeye kujua.

Mkimpa chakula kikavu cha dukani, jueni kina maji kama asilimia 10 tu, ilhali chakula cha kopo kina zaidi ya asilimia 70. Loweka kikombe kimoja cha punje kwa kikombe kimoja cha maji vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Kisicholiwa ndani ya saa moja kitupwe. Kwa joto la Dar kinachacha haraka, na chakula kilichochacha huleta kuhara.

Maziwa acheni. Kadiri mtoto wa mbwa anavyoachishwa ziwa ndivyo uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa unavyopungua, na maziwa ya ng'ombe yana sukari hiyo nyingi kuliko ya mama yake. Isiposagwa hubaki utumboni, huvuta maji kutoka mwilini, na hutoka nayo. Mlitaka kumwongezea maji, yakamtoa. Juzi ilikuwa mara mbili tu, mshukuru. Madafu kijiko kimoja viwili hayamdhuru, ila si dawa ya kuhara: yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea sana anapohara. Soda, juisi na chai hapana kabisa.

Maji ya kisima yaonje wewe mwenyewe. Ukiisikia chumvi ulimini, mtoto wa kilo 3 asiyanywe. Mtafutie ya bomba au ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, yachemshwe yapoe. Mililita 300 kwa siku si mzigo kwa nyumba. Kinachofaa watoto wako ndicho kinachomfaa na yeye, kwa sababu giadia na vijidudu vingine vya maji machafu havichagui.

Bakuli la plastiki tunashauri muliache. Meno ya mtoto yanalichuna, utando unajificha kwenye mikwaruzo na hautoki hata kwa sugio. Pitisha kidole ndani ya bakuli lake leo. Ukihisi utelezi, huo ndio utando, na mbwa wengi huyakataa maji yake. Tumieni bakuli la chuma cha pua au la udongo lililo zito. Likipinduliwa, liwekeni katikati ya tairi kuukuu. Kina kisizidi sentimita 5 hadi 7, na ndoo zote za uani zifunikwe: mtoto hupanda kunywa, huanguka kichwa chini na kuzama. Siku ambayo hupimi alichokunywa, maji yabadilishwe asubuhi, mchana na jioni, bakuli lioshwe kwa sabuni mara moja kwa siku na kusuuzwa vizuri. Mawili ni bora kuliko moja, la nje kivulini na la ndani.

Halafu hilo banda la mabati. Saa sita mchana ndani ya mabati ni joto kuliko nje, na maji yake yanakuwa ya moto, hayanyweki. Kuhema kwake kwingi kunaanzia hapo. Mhamishieni mchana chini ya mti au barazani penye upepo, au paaza bati futi mbili juu ya ukuta wa banda na ulifunike kwa makuti. Kwa kweli hili tungelifanya hata kabla ya kununua bakuli.

Sasa namna ya kumkagua. Nyanyua mdomo wa juu, gusa ufizi kwa kidole kikavu. Ukiteleza, sawa. Kidole kikinata, amepungukiwa. Bonyeza ufizi mpaka uwe mweupe, achia: wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Kama fizi zake ni nyeusi, angalia ndani ya kope la chini. Watu wengi huvuta ngozi ya mgongoni waone kama inarudi upesi, lakini kwa watoto kipimo hicho hudanganya. Mnene ngozi yake hurudi haraka hata akiwa mkavu, mwembamba hukawia hata akiwa ameshiba maji. Amini ufizi, mkojo na mizani. Mkojo unatakiwa uwe njano ya kufifia. Macho yakianza kuzama ndani, muda wa kukagua umekwisha, nendeni kwa daktari.

ORS uliyonayo inafaa, mradi ichanganywe sawasawa. Soma pakiti: nyingi ni za lita 1, zipo pia za nusu lita. Pakiti nzima iingie kwenye maji yake yote. Usikadirie nusu pakiti kwenye glasi, maana ikiwa nzito inavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni na kuhara kunazidi. Ikae saa 24 tu, kisha mwaga. Chagua isiyo na ladha. Kama maandishi yanataja zailitoli, yaani ile sukari bandia inayoandikwa xylitol, usimguse nayo, ni sumu kwa mbwa. Pakiti zikiisha: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya bapa. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua.

Akiharisha lakini hatapiki na bado yuko macho, mpe mililita 10 kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Kisha muachie bakuli la ORS na bakuli la maji ya kawaida, achague. Asipojinywea, tumia bomba la sindano lililotolewa sindano. Mkalishe kichwa kikiwa usawa wake wa kawaida, ingiza ncha kwenye kona ya mdomo kati ya shavu na meno, sukuma mililita 2 hadi 3, subiri ameze, ndipo uongeze. Usimwinue kichwa juu wala kumtumbukiza pua bakulini. Maji yakiingia mapafuni yanaleta nimonia, na hapo mtakuwa na magonjwa mawili. Akitapika, pumzika nusu saa, anza tena na mililita 5. Akitapika mara ya pili, acheni, utumbo hauwezi, anahitaji maji ya chini ya ngozi au ya mshipa kwa daktari. Aliyelegea asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni.

Dawa za binadamu zisimkaribie. Ibuprofeni na diklofenaki zinaharibu figo, na figo zilizokosa maji huharibika upesi zaidi.

Asiyeumwa bali anagoma tu kunywa, tia kijiko kimoja cha supu ya mifupa kwenye maji. Supu hiyo ipikwe bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, bila vidonge vya mchuzi, na mafuta ya juu yaenguliwe. Vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha. Maji yenye supu yamwagwe baada ya saa 2.

Kuna jambo hukulitaja: dawa ya minyoo na chanjo. Minyoo ya safura hunyonya damu na kuleta kuhara, na mtoto wa wiki 9 alitakiwa awe amekwisha kupewa dawa zaidi ya mara moja. Wewe una watoto ndani, na minyoo ya watoto wa mbwa huwapata wanadamu pia, basi kinyesi kizolewe kila siku na mikono ioshwe kwa sabuni. Chanjo ya mchanganyiko inayokinga parvo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16. Parvo ndiyo inayowakausha watoto wa mbwa kwa kasi kuliko yote, kwa kutapika na kuhara damu yenye harufu kali.

Usisubiri asubuhi ukiona lolote kati ya haya: damu kwenye choo, kutapika zaidi ya mara mbili, kukataa maji na chakula kwa saa 6 hadi 8, fizi nyeupe au za kijivu, masikio na miguu ya baridi, kuyumba au kushindwa kusimama. Mpigie daktari wa mifugo kabla ya kutoka ili awe ameandaa dripu na, kama ni kuhara, sehemu ya peke yake mbali na mbwa wengine. Mwambie umri, uzito wa leo na wa mara ya mwisho, amekunywa mililita ngapi tangu asubuhi, amekojoa lini, na ametapika au kuhara mara ngapi. Piga picha ya choo kwa simu, na kadi ya chanjo ibebwe. Njiani afunikwe kwa kitambaa chepesi kama masikio yana baridi, na dirisha la gari libaki wazi.